Milimita Mbili za Bodi ya Win

Jambo la mwisho la kawaida Ijumaa ile lilikuwa Gresi kuchovya biskuti kwenye chai ya Profesa na kutukanwa. Walikuwa watatu kwenye benchi la nje ya kibanda cha klabu ya treni ndogo za mfano, nyuma ya stesheni ya Darlington, na maonyesho yalikuwa kesho yake. Ndipo Clive Hebblethwaite akafungua kisanduku alichokipakata. Ndani mlikuwa na kichwa cha treni cha dizeli, urefu wa shubiri moja, kilichokwisha kuvuliwa bodi yake ya kiwandani, lile gamba la nje. Kando yake ilikuwapo bodi nyingine, ya kununua kwa fundi, ya aina ambayo kiwanda hakijawahi kuitoa. Mkewe, Win, ndiye aliyeipaka rangi: kijani, mstari mweupe mwembamba kama unywele, manjano usoni. Win alifariki Februari. Clive aliishusha bodi juu ya chasisi. Mbele ikakaa. Nyuma ikagoma, ikabaki imeinua makalio.

— Ibonyeze, bwana! Gresi akaruka. Alikuwa fundi mstaafu wa karakana ya reli na hakujua kusema polepole.

— Ukiigusa nakuvunja mkono, akasema Clive bila kupandisha sauti.

Profesa, aliyefundisha kemia miaka thelathini, akachomoa rula ya chuma mfukoni mwa shati.

— Milimita mbili. Kuna nundu ndani, inakalia mota.

— Si uikate hiyo nundu!

— Ukuta wa pale mwembamba. Tupa ikitikisa kidogo tu, rangi ya nje inabanduka.

— Basi kata chasisi!

— Ukate na nyaya? Wewe karakana walikuajiri ufagie?

— Walikuwa wananiita mimi wakishindwa wenye digrii! Sikiliza, Clive. Hiyo chasisi imevimba. Ya mwenzetu Norman Thwaites ilivimba kabatini mpaka ikapasua bodi. Macho yangu haya.

— Ile ilikuwa ya zamani, chuma kibovu. Hii ina mwaka mmoja. Kilichotokea, bodi imesinyaa. Vitu vya plastiki ya kumwagwa kwenye kalibu husinyaa. Kufika Krismasi, Clive, utaivaa kidoleni.

— Uongo! Yule fundi wa kalibu alienda kupima treni kubwa yenyewe wakati wa baridi. Chuma kimejikunyata, akapima kilichojikunyata.

— Kwa hiyo kule Uskoti treni zote ni fupi?

— Hujawahi kuziona?

Clive alicheka. Hakuwa amecheka kwenye benchi lile tangu Februari, na wenzake wakapata moto. Gresi akanyakua chupa ya chai.

— Maji moto! Yanailegeza. Tuichovye makalio tu, dakika moja!

— Kwenye chai? Yenye maziwa?

— Kesho itembee, Clive! Klabu nzima inaisubiri!

Clive akakifunika kisanduku kwa mikono miwili. Kesho alitaka itembee kuliko wote. Lakini rangi ile ilikuwa kazi ya mwisho ya Win, na hakuna ambaye angeweza kuirudia.

Mama mmoja alikuwa amesimama kando yao na vitambaa vya meza vya maonyesho mikononi. Bi Raine, akajitambulisha. Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kufika pale.

— Samahani, naomba kuuliza. Marehemu mume wangu alikuwa seremala. Mlango alikuwa anauvalisha kwanza, ukishakaa ndiyo anaupaka rangi. Hii mbona ilipakwa kwanza?

Sheria hiyo waliijua wote. Gresi mwenyewe ndiye aliyeiandika kwa herufi kubwa na kuibandika kibandani, juu ya meza ya kazi.

Clive alikumbuka Novemba. Mara tatu Win alimuuliza kama ameshaivalisha bodi. Mara tatu alijibu bado, hakuna haraka. Mara ya nne Win alisema, «Ilete hivyo hivyo nipake. Utavalisha baadaye.» Akadhani mkewe amechoka kusubiri.

— Chai imekwisha, akasema Gresi, ingawa chupa ilikuwa nzito mkononi mwake.

Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, Clive aliilaza bodi chali juu ya taulo kwenye meza ya jikoni. Akaipiga tupa ile nundu: mikwaruzo mitatu, anapuliza, mitatu, anapuliza. Karibu na mlango wa dereva rangi ilibanduka, kipande cha ukubwa wa punje ya mchele. Kichupa cha rangi ile ya kijani ya Win kilikuwa rafuni, usawa wa macho yake. Hakukifungua. Alivalisha bodi, ikakaa mbele na nyuma, akaibeba hadi ukumbi wa maonyesho. Na Gresi alipokuwa akiwafokea watu wasogee waone, Clive akaiweka treni relini, upande uliobanduka ukiwaelekea watazamaji, akaiwasha.