Mara Pekee Papa Hyacinthe Alipochelewesha Jipu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na sita ya kazi, Papa Hyacinthe Kashindi anastaafu katika wakala wetu wa safari, Milima na Ziwa, hapa Uvira. Alianza kwa kuosha magari. Anamaliza akiwa mkuu wa safari za mlimani, ingawa jipu aliendelea kuliosha mwenyewe hadi wiki hii, kwa sababu hakuridhika na sisi.

Wageni wengi wanaokuja kwetu wana likizo fupi na wanataka kuona gorila katika mbuga ya Kahuzi-Biega. Papa Hyacinthe hakuwa na ugomvi na gorila. Lakini aliamini kwamba nusu ya likizo iko njiani, katika kona za Ngomo, pale barabara inapoliacha bonde la Ruzizi huko Kamanyola na kuanza kupanda. Safari hiyo aliipanga jinsi watu wengine wanavyopanga harusi. Alingoja usiku wa mvua, ili asubuhi hewa iwe imeoshwa na vilima vionekane mpaka ng'ambo. Alifika chini ya mlima kabla ya malori ya bia na saruji. Alipanga nani akae upande wa bonde, na kama walikuwa wengi, wabadilishane wapi.

Hakukubali kituo chochote cha kutazama mpaka dereva mwenzake Franck aendeshe, na yeye akae nyuma, katika kiti cha mgeni. Kituo kimoja kizuri sana kilikataliwa kwa sababu ukiwa nyuma unaona kichwa cha dereva tu. Franck anasema hilo lilimuuma kidogo.

Alikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote. Mgeni aliyetoa simu kupiga picha kabla ya kuwasalimia wanaolima kando ya barabara alirudishwa garini, akashuka upya, akasalimia. Hata wakubwa walirudishwa.

Wageni wake walikuwa wa kila aina. Kuna mchungaji aliyefumba macho kuanzia kona ya kwanza hadi ya mwisho, kisha akamshukuru kwa mandhari nzuri. Kuna bwana na bibi harusi waliogombana katikati ya mlima, kila mmoja akataka kushuka na kwenda kwa miguu. Papa Hyacinthe aliwafungulia mlango, akawafuata polepole na jipu. Kabla ya kona iliyofuata walikuwa wamechoka, wakarudi ndani na kupatana. Na kuna bwana aliyetaka kujua wamefika urefu gani kutoka usawa wa bahari. Papa Hyacinthe alimjibu, "Tuko juu." Yule bwana aliandika hivyo.

Mtu mmoja alikuwa hajawahi kupanda naye. Huyo ni mke wake, Mama Agnès.

Mwezi wa tano, patron wetu, yaani bosi wa wakala, Papa Patient, aliamua kwamba zawadi ya kumuaga Papa Hyacinthe iwe likizo ya siku tatu mbugani, yeye na mke wake, kwa jipu la wakala. Sote tulipiga makofi isipokuwa Mama Agnès. Yeye amezaliwa Kamanyola, na alipokuwa msichana aliupanda mlima ule kila wiki kupeleka mihogo sokoni Nyangezi.

"Mulima ule tunajuana," alisema. "Minye niliupandaka na mihogo ku mugongo. Sasa niende kuuangalia, yeye ataniambia nini?"

Papa Hyacinthe hakubishana. Aliuliza tena kesho yake, na kesho yake tena, kwa sauti ileile, kama mtu anayeuliza kama maji yamechemka. Mwishoni Mama Agnès alisema, "Nitaenda mara moja. Usiniombe tena hata siku moja." Kwa hiyo ilikuwa safari hiyo au basi. Wakirudi, jipu lingekuwa la Franck. Papa Hyacinthe hana gari lake, na mabasi hayasimami mlimani ili mke wa mtu atazame.

Alipanga kwa muda mrefu. Franck alisoma mpango wote, akasema hana la kuongeza. Mimi pia niliusoma, na mimi pia sikuona kosa. Kosa lilikuwa kwamba aliupanga kama safari ya wageni. Kwa wageni, bonde la Ruzizi halina mashemeji.

Walipofika Kiringye siku ya kwanza, kaka wa Mama Agnès, anayeitwa Mathieu, alikuwa amesimama katikati ya barabara.

"Shemeji," alisema, "miaka yote unapitaka hapa mbio na watu wako, tunanyamaza, kwa sababu iko kazi. Leo uko na dada yetu. Zima moto, ushuke."

Walishuka. Jogoo alichinjwa, na jogoo anayechinjwa mbele yako huwezi kumwacha kwenye sufuria. Walipoondoka jua lilikuwa limeshainama, na nyuma ya jipu kulikuwa na majogoo wawili wazima waliofungwa miguu.

Bwegera yuko shangazi wa Mama Agnès. Alikuwa ameshapigiwa simu kutoka Kiringye. Papa Hyacinthe alijaribu kumweleza habari za hewa ya asubuhi na malori ya saruji. Shangazi alimsikiliza vizuri hadi mwisho.

"Kwa Mathieu mulikula," akasema. "Hapa kwangu mutapita na tumbo ya Mathieu?"

Walilala Bwegera. Kesho yake walingojea wali uive, halafu wakangojea gunia la mchele lishonwe mdomo. Walipofika Kamanyola kwa Concilie, dada mkubwa wa Mama Agnès, giza lilikuwa linaingia na kitanda kilikuwa kimeshatandikwa. Papa Hyacinthe hapandi Ngomo gizani. Husema hakuna sababu ya kupanda kitu usichokiona.

Asubuhi ya tatu jambo lilikuwa wazi. Jipu lilitakiwa kufika Uvira saa sita mchana, kwa sababu Franck alikuwa awachukue walimu waliokuja likizo. Katika miaka ishirini na sita, Papa Hyacinthe alikuwa hajawahi kuchelewesha gari. Madaraja yamekatika, matairi yamepasuka, na yeye amefika. Mama Agnès alikuwa ameshafunga kitenge na kumaliza chai.

"Basi turudi," alisema. "Tumeona watu. Mulima hautakimbia."

Hakuwa amekasirika. Concilie anasema afadhali angekasirika, maana Papa Hyacinthe angejua la kujibu. Alitoka nje, akasimama uani. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na Ngomo yote ilikuwa wazi kutoka chini hadi juu. Hapo akatoa simu.

Simu hiyo niliipokea mimi, kwa kuwa niko mapokezi tangu nimalize shule.

"Ornella, mwambie patron jipu halifiki leo."

Niliuliza kama gari limepata pane.

"Hapana. Gari iko muzima."

Niliuliza kama kuna mgonjwa.

"Hapana. Sisi wote tuko wazima, na majogoo pia."

"Sasa Papa, nimwambie sababu gani?"

"Mwambie niko na mgeni."

Nilimwambia Papa Patient. Aliuliza, "Mgeni gani? Si yuko na mke wake?" Nikajibu kwamba ndiyo. Hapo akaniagiza niwapigie walimu na kuwaomba radhi. Walimu walipelekwa ufukweni kwa miguu. Mmoja wao alilalamika, na alikuwa na haki.

Yanayofuata tumeyapata kwa Mama Agnès mwenyewe. Papa Hyacinthe alikuwa pale aliposimulia, naye hakukanusha.

Walipanda taratibu. Mama Agnès alikaa upande wa bonde, na majogoo nyuma, kwa sababu Concilie alikataa kubaki nao. Kwenye kona ya juu Papa Hyacinthe alisimamisha jipu, akazunguka, akamfungulia mlango kama anavyomfungulia mgeni yeyote. Mama Agnès alimsalimia mwanamke aliyekuwa analima pale. Wakaulizana habari za mvua na za mihogo. Ndipo akageuka.

Bonde lote lilikuwa chini yake. Ruzizi ilikuwa inajikunja kwenda kusini, mashamba ya mpunga yalikuwa yanang'aa maji, mabati ya Kamanyola yalikuwa madogo kama vifuniko vya chupa, na ng'ambo vilima vya Rwanda na Burundi vilikuwa vimepangana. Wenye macho mazuri husema kutoka pale wanaliona hata ziwa. Mama Agnès hakuzungumzia ziwa. Alisimama muda mrefu, mikono ikiwa imelegea tu, haishiki kitu.

Mtu anayebeba mihogo mgongoni, kamba ikiwa imemkaza kwenye paji la uso, hupanda akiwa ameinama. Anaona vidole vya miguu yake na visigino vya aliye mbele. Akishuka, anawahi nyumbani kabla ya giza, na macho yako kwenye mawe. Mama Agnès aliyaeleza hayo kwa mume wake pale pale, bila kujihurumia, kama mtu anayesahihisha hesabu. Kisha akasema:

"Kumbe miaka yote ile, hii yote ilikuwaka ku mugongo yangu."

Papa Hyacinthe, ambaye huwatajia wageni jina la kila kilima, hakutaja hata kimoja.

Gorila hawakuwaona. Jipu lilirudi kesho yake likiwa limeoshwa, na gunia la mchele ndani. Papa Patient hakusema neno kuhusu kuchelewa. Alipokea jogoo mmoja.

Papa Hyacinthe, kwa niaba ya wote wa Milima na Ziwa, tunakushukuru kwa kazi, kwa subira na kwa kutufundisha kusalimia. Hatukutakii safari njema, kwa sababu umetuambia huna mpango wa kwenda popote hadi Krismasi. Tunawatakia, wewe na Mama Agnès, kukaa kwema.