Ushahidi wa Bi Verna

Kwenye basi la kwenda Olympia, mji mkuu wa jimbo, Bi Verna, mkutubi mstaafu aliyeketi mbele yangu, alimwambia jamaa wa kiti cha pembeni yake kwamba anakwenda bungeni kudai sheria dhidi ya barua pepe za matangazo zisizoombwa.

“Zifute tu, mama,” alisema jamaa, ambaye alishatuambia kuwa mwenyewe anauza vitamini kwa njia hiyohiyo.

“Niliandika niondolewe, kama mnavyoelekeza. Zikaongezeka mara tatu, sanduku langu la barua pepe likajaa, barua ya dada yangu ya kuniaga ikakataliwa. Niliisoma baada ya mazishi yake, kwenye kompyuta yake.”

Jamaa akakuna shingo. “Hata kukiwa na sheria, watu watatuma.”

“Watume wakijua ni kosa.”

Basi likasimama.

“Basi nipe anwani yako, nikuondoe.”

“Ndivyo mlivyoniambia mwanzo.”

Mimi sina kompyuta, lakini nilisogeza mzigo wangu Bi Verna apite.