Mtembezi Anavua Viatu

Tarehe 30 Juni, muuguzi wetu anayejulikana kama Mtembezi anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu kazini. Viatu vyake vimestaafu mara nyingi kabla yake. Fundi viatu wa sokoni amesomesha watoto kwa soli zake. Jina hilo nilimbandika mimi, wala si kwa heshima.

Alipoajiriwa alinikuta mganga mfawidhi wa zahanati, yaani mkubwa wa vyumba viwili, kabati moja la dawa na benchi linalobana makalio. Wajawazito wa ng'ambo ya mto hawakuja kliniki. Mimi nikasema ni wakaidi. Yeye akasema mto hauna daraja na mimba haiogelei.

Basi kila Jumanne kiti chake kikawa kitupu. Alijitwisha mizani na kisanduku cha chanjo, akavuka, akaning'iniza mizani kwenye boriti ya banda la mashine ya kusaga, akapima watoto. Bibi mmoja alipomwona mjukuu wake ananing'inia, aliuliza kama anapimwa ili auzwe. Akajibiwa kwamba huyu bado hajafikisha kilo za kuuzwa, aende akale uji kwanza.

Sasa niseme langu, maana pumzi nilizobaki nazo ni za kuazima. Nilimwandikia barua ya onyo. Kosa: "utembezi saa za kazi." Nakala nikaipeleka wilayani. Sijui karani aliisoma kwa jicho lipi, akaandika kwamba kituo chetu kimeanzisha kliniki tembezi. Wakubwa wakaja na cheti chenye jina langu. Mimi, ambaye mto ule sikuuvuka hata ndotoni, nikakipokea kwa mikono miwili na hotuba juu. Mtembezi alipiga makofi kuliko wote, kisha papo hapo akaniomba kisanduku cha pili cha chanjo. Ningemkatalia kwa uso upi?

Leo kliniki hiyo inafika vijiji tisa, pamoja na daktari wa meno na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Ni miaka kumi na moja hakuna mama aliyejifungulia ukingoni mwa mto.

Cheti kimekaa ukutani kwangu miaka ishirini na sita. Marehemu mke wangu alikuwa akikipangusa vumbi huku akinitazama kwa pembeni. Siku hizi miguu yangu imegoma, na kila Jumanne anayekuja kunipima presha chini ya cheti hicho ni Mtembezi yuleyule. Yeye hupima tu. Presha hupanda yenyewe.

Jana nilimwambia binti yangu akishushe. Nimelikata jina langu, nikaandika juu yake: Mtembezi. Mwandiko umepinda, lakini haudanganyi. Onyo nalo nimelifuta.

Asante, sista, na samahani. Wote hapa tunakutakia mapumziko mema, miguu ikiwa juu ya kigoda. Ila Jumanne hii tembea mara moja tu: njoo uchukue cheti chako. Nadhani safari hii presha itashuka.