Ferista Kibona Hakuuawa na Mbio

Marehemu Ferista Kibona, Mama Nesta, alizaliwa tarehe 14 Juni 1973 kijijini Ikinga, wilaya ya Ileje, mtoto wa nne wa mzee Luka Kibona. Alisoma hapo hapo Ikinga na kumaliza darasa la saba mwaka 1988. Alifaulu kwenda sekondari, hakupelekwa. Jambo hilo hakulisamehe, wala hakuficha kwamba hajalisamehe.

Mwaka 1995 alifunga ndoa na Ezron Nzunda wa hapa Mbozi, akawa mkulima wa kahawa. Wanaojua kazi ya kumenya na kuanika wanavikumbuka vichanja vyake.

Mbio alizianza mwaka 2009, alipoambiwa ana presha. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kutoka nyumbani hadi darajani na kurudi. Juni na Julai, ukungu umeshuka na wanaume wazima wamejikunyata jikoni wakiota moto, yeye alipita. Julai 2014 aliteguka kifundo cha mguu. Njia ile ile akaitembea kwa fimbo wiki tano. Mwaka 2019 malaria ilimlaza nusu ya Juni. Alipoinuka alikimbia hadi nyumba ya kwanza, kesho yake hadi ya pili, mpaka akalifikia tena daraja. Majirani walimtania, "Mama Nesta, unamkimbia nani?" Naye aliwajibu, "Namkimbia Ferista aliyebaki kitandani!"

Juni 2024 alianza kuumwa tumbo na kutokwa damu. Alisema, haikuwa siri. Tarehe 30 ukoo ukakaa kikao, na shemeji yake Jairo, kaka wa Ezron, akatoa hukumu: "Ni baridi imemwingia tumboni. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Aache." Ferista akasema anataka hospitali. Akapewa sweta na chai ya tangawizi, na raba zake zikafungiwa stoo kwa Jairo. Kesho yake alikimbia na viatu vya plastiki, yeboyebo. Kwa miezi minane, kila alipolalamika aliulizwa kwanza kama leo amekimbia, na kwa kuwa hakujua kusema uongo, akaambiwa basi ajilaumu mwenyewe. Inauma, inatia hasira, na hapa kaburini haitafunikwa kwa maua.

Februari 2025 alipofikishwa hospitali, ilikutwa saratani ya shingo ya kizazi, imeshasambaa. Jairo akaanza habari za baridi. Daktari akamkatiza: "Mzee, hizo mbio ndizo zimemfikisha hapa akitembea kwa miguu yake. Ninyi mlikuwa wapi?" Ferista alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 8 Julai 2025, saa tatu asubuhi, ameshikwa mkono na Ezron, ambaye kwenye kile kikao hakufungua mdomo.

Jana Jairo aliomba iandikwe kwenye ratiba hii ya mazishi kwamba marehemu alizidiwa na mazoezi. Haikuandikwa.

Ameacha mume, watoto watatu na wajukuu wawili. Mkubwa wa watoto hao ni Nesta, miaka ishirini na minane, ambaye tangu Mei naye anaumwa tumbo, na juzi hapa hapa msibani ameshaambiwa avae sweta. Jumatatu asubuhi anapelekwa hospitali.

Mama Nesta, Mungu akupumzishe kwa amani. Kwa Nesta hatukai kikao.