Puli Ndogo na Baba wa Mchumba

Kijana aliyekaa mbele yangu kwenye basi la Maebashi alipakata puli mbili za kuzungushia mkanda wa injini, moja ndogo kabisa, nyingine ya wastani. Alikuwa anakwenda gereji kufunga moja. Mzee wa pembeni yake, mwenye ovaroli, akaigusa ile ndogo bila hata salamu.

"Hii itakuponza, bwana mdogo."

"Inapunguzia injini mzigo, mzee wangu. Gari linaruka!"

"Linaruka, ndiyo. Kwenye foleni mkanda unazunguka kivivu, kiyoyozi kinapumua kama mgonjwa. Obon unakwenda wapi?"

Kijana akashusha sauti, nami nikasogeza sikio. "Niigata, makaburini. Nampeleka baba wa mchumba wangu. Bado hajakubali tuoane."

Foleni ya Obon, sikukuu ya Agosti ya kuzuru makaburi ya wazee, tunaijua wote. Unaweza kumaliza tikiti maji zima hujasogea.

"Mimi nilifunga hiyo hiyo," mzee akasema. "Nikampakia baba wa binti, Agosti. Alivumilia joto, akavumilia, mwisho akashuka, akaomba lifti gari la mbele yetu."

"Akakukatalia binti?"

"Yule wa gari la mbele ndiye aliyemwoa."

Kijana akazitazama puli zake. Mzee akatabasamu peke yake. "Lakini lile gari, jamani! Lilikuwa linakimbia!"

Basi likasimama mbele ya gereji, mlango ukafunguka.

"Nani amebonyeza kengele?" dereva akauliza.

Kijana, aliyeibonyeza mwenyewe, akageuka akanitazama kana kwamba ni mimi niliyebonyeza.