Unene Ulioniletea Pongezi

Ndugu zangu, mwangaluka. Asifiwe Bwana na wote, hata wanaosinzia kule nyuma. Mimi ni Baba Kabula, mfuga na mchinja ng'ombe wa hapa Kharumwa. Shule niliiacha mapema, nikikosea majina ya kidaktari mnisamehe.

Nilianza kunenepa. Uso ukawa wa mviringo, tumbo likawa linanitangulia mlangoni. Na sisi Wasukuma, mtu akinenepa tunampongeza. Jirani yangu Masanja, mchimbaji, akaniita barabarani, "Mzee, duara lako limetema dhahabu, unatuficha." Nikamwambia sina shimo hata la choo kipya. Hakuamini. Wengine wakanong'ona kuwa nimechukua ndagu, dawa ya utajiri, kwa mganga. Mke wangu naye akawa anatembea kwa maringo sokoni, na simlaumu, amenilisha miaka mingi bila kusifiwa.

Lakini ndugu zangu, miguu ilikonda kama ya korongo. Nikikaa kwenye kigoda siinuki mpaka nivutwe. Ngozi ikawa nyeusi zaidi, nikiguswa kidogo navilia damu. Zahanati wakanipa dawa za presha na za sukari, nikameza, nikazidi kuisha. Na pongezi zikazidi. Mtu anakufa huku anapigiwa makofi.

Siku moja mke wangu alinivuta kigodani, mkono ukavilia alipoushika. Akanitazama. "Baba Kabula, huu si unene. Ng'ombe aliyenona husimama mwenyewe." Akanipeleka Mwanza.

Daktari alikuwa binti mpole. "Shikamoo babu. Hebu simama bila kushika kiti." Nikashindwa. Wakapima damu, wakakuta homoni zimezidi sana, wakaanza kutafuta zinakotoka. Kichwani, kwenye tezi inayoamrisha nyingine, hawakuona kitu. Tezi za juu ya figo zilikuwa zimevimba, lakini kumbe zenyewe zinaamrishwa tu kutoka mahali pengine. Mwishowe wakapiga picha ya kifua kwa mashine kubwa. Nyuma ya mfupa wa kifua palikuwa na uvimbe, kwenye tezi waiitayo thaimasi; huo ndio uliokuwa unatoa amri.

"Ni ugonjwa adimu, babu," akasema. "Tezi hii mtoto anayo kubwa, mtu akizeeka inasinyaa."

"Naijua, mjukuu wangu. Ni ile nyama laini ya ndama. Ng'ombe mzee hana."

Akacheka mpaka akavua miwani. Nami nikacheka, maana nilikuwa nimeogopa sana.

Wakanipasua kifua, wakautoa. Mungu aliongoza mikono yao. Kliniki naendelea kwenda, kwa sababu kitu kile kinaweza kurudi. Nimekonda, watu wananipa pole, nami nazipokea tu.

Ndugu yangu, mtumaini Mungu, na mwili ukisema neno tofauti na la majirani, usikilize mwili, uende hospitali. Sasa nipisheni nipige magoti hapa mbele nishukuru. Na nikiinuka, mtu asinishike mkono.