Tepu za Madam Julienne

Mwanao anasoma, au anaimba tu alichokariri? Hivyo ndivyo marehemu Julienne Kavira alivyowauliza wazazi getini, kabla hata ya salamu, na wengi wenu mliopo hapa mlikasirika, mkaenda nyumbani mkamjaribu mtoto, kisha mkarudi kimyakimya kuomba msaada.

Marehemu alizaliwa Butembo tarehe 14 Machi 1979, akasoma hukohuko mpaka diploma ya ualimu mwaka 2001, na tarehe 6 Septemba 2003 akafunga ndoa na Guerschom, ambaye tunaye hapa mbele, wakajaliwa Bienfait na Huguette. Vita vilipowafukuza mwaka 2008 waliingia Kampala, Guerschom akaanza kuuza vitenge Kikuubo, mtaa wa maduka, na Julienne, baada ya kusugua Kiingereza chake miaka miwili, akaajiriwa katika shule moja ya msingi ya Ntinda, ambako mwaka 2011 alikabidhiwa ufunguo wa maktaba.

Maktaba yenyewe ilikuwa chumba kilichojaa vitabu vya msaada, na hakuna aliyejua ni vya darasa gani, maana mchapishaji huandika apendacho kwenye jalada, na wazazi wa Ntinda hupenda mtoto wa darasa la pili aonekane na kitabu kinene. Julienne hakuamini jalada. Alimkalisha mtoto, akamfungulia ukurasa wa katikati, akamwambia asome kwa sauti na akunje kidole kila neno linapomshinda, na mkono ukifungika wote kabla ukurasa haujaisha, kitabu hicho kilipandishwa daraja, kikabandikwa tepu mpya, njano kwa wanaoanza, kijani kwa wanaoendelea, nyekundu kwa wakubwa. Kazi hiyo aliibeba hata nyumbani wikendi, maboksi yakijaa sebuleni, na mumewe akawa anawaambia wageni, "Karibuni, mimi hapa napanga tu, wenye nyumba ni vitabu." Wageni walicheka. Mumewe mwenyewe hakucheka.

Tusimfanye malaika leo kwa sababu hawezi kubisha. Julienne alikuwa na wivu, na wivu wake ulikuwa na jina, Madam Awiti, Mkenya aliyefundisha chumba cha jirani, ambaye watoto walimkimbilia hata akiwa mikono mitupu. Awiti akisifiwa kikaoni, Julienne aliumwa kichwa, na wazazi wakimpa Awiti kitambaa, Julienne aliuliza kimenunuliwa duka gani, apate kusema ni cha bei ya chini.

Kwa hiyo tarehe 12 Oktoba 2018, siku ya wazazi, watoto wa darasa la pili walipochukua vitabu vya tepu ya njano wakakuta ndani maneno ambayo yangemshinda hata waziri, wakakwama mmoja baada ya mwingine, vidole vyote vimekunjwa, wengine wakilia mbele ya mama zao, Julienne hakuhitaji shahidi, kwa sababu vitabu vilikuwa vimesharudi maktaba kutoka nyumbani kwake tangu Jumatatu, na mtu wa jirani alikuwa mmoja tu.

"Madam Awiti, umenionea wivu mpaka ukawatumia watoto?"

"Mimi sijaguza tepu yako hata moja," Awiti alijibu, "na huo wivu unaoutafuta kwangu, uangalie vizuri, una sura yako."

Mwalimu mkuu alimnyang'anya Julienne ufunguo, akampa Awiti, na kwa Julienne kesi ikawa imekwisha. Hawakusalimiana tena. Kila alipopita dirishani akaona watoto wa Awiti wakikunja vidole, kwa njia ileile aliyoibuni yeye, alirudi nyumbani chakula hakipiti, na habari ya Awiti mharibifu aliipeleka kwaya, sokoni na kwa kila mwalimu, mpaka Awiti akakosa nafasi ya naibu mwalimu mkuu kwa ajili ya maneno hayo.

Mwezi Agosti 2024 figo zilianza kumsumbua. Awiti alimletea uji wodini, Julienne akageukia ukuta, Guerschom akaipokea chupa, akashukuru, akaiweka chini ya kitanda. Tarehe 3 Februari 2025, alasiri, alituacha akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Ntinda, walimu wenzake, wanakwaya, na wafanyabiashara wa Kikuubo waliofunga maduka kuja kumzika. Julienne, umechoka vya kutosha, Mungu akupe utulivu.

Limebaki jambo moja. Jana, familia ilipoketi kuandika historia hii, Awiti alikuja kutusaidia tarehe za shule, na rasimu ikasomwa kwa sauti mpaka penye maneno "alipokonywa maktaba kwa hila ya mwenzake." Awiti aliinamisha kichwa, akasema tu, "Andikeni, nimezoea." Ndipo Guerschom akasimama, na ameomba maneno yake yasomwe mbele yenu kama alivyoyatoa:

"Futeni hiyo. Awiti hana kosa. Ni miye nilibandua zile tepu, Jumapili ile mama Bienfait alipoenda kwaya, njano nikaiweka kwa nyekundu, nyekundu kwa njano. Nilitaka wamnyang'anye ule ufunguo, anirudie. Akanirudia, na miaka yote hiyo kila akimlaani Awiti, miye niko pale pembeni yake, naitikia."